Binzari Kwenye Rejeta

Watu wengine wakisikia harufu ya binzari huwaza mchuzi. Mimi huiona pikapu ya baba, boneti juu, ikitoa mvuke. Juzi nilikuwa kwa rafiki yangu mjini Karatina, akatia binzari kwenye mafuta moto, nikajikuta nimeshikilia meza. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka baba tu, naye akanitazama kwa wasiwasi zaidi. Basi ngoja niwaeleze ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ametutoka miezi mitatu nyuma, ghafla, moyo ukisimama akiwa anapogoa kahawa shambani kwetu Othaya. Alituachia pikapu ya buluu, na Mama, ambaye hakuwahi kushika usukani, akajifunza kuiendesha kwa wiki mbili. Alibeba kabichi na karoti kupeleka soko la Nyeri, na hizo ndizo zilizotulisha na kutulipia karo. Anko Githinji, mdogo wake baba, mkulima wa mpunga kule Mwea, aliitaka pikapu hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwa moyo wake wote kwamba mwanamke na injini hawapatani.

Jumamosi moja alikuja kututembelea, tukaondoka naye kwenda Nyeri, Mama kwenye usukani. Kwenye mlima mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu, mvuke ukafunika kioo, gari likazima. Tulivutwa hadi gereji.

"Si nilisema?" Anko alifoka kabla hata hatujashuka. "Umechoma gasket! Miezi tatu tu, Mama Wangui, umeua gari ya ndugu yangu. Ikitengenezwa naenda nayo Mwea."

Mama alichomoa ufunguo, akashuka.

Fundi Nderitu hakuwa mtu wa haraka. Aliacha injini ipoe huku akimaliza chai yake, tone kwa tone, Anko akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hatimaye akafungua kifuniko cha oili. Ndani kulikuwa na povu jeupe.

"Ona!" Anko akasema.

"Ngoja, mzee. Na hii baridi yetu, hii povu utaiona hata kwa gari mzima." Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama kwenye mwanga. Oili yote ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akajaza maji kwenye rejeta, lile tangi la kupoza injini, akaiacha wazi, akaniambia nisogee, akawasha. Maji yakaanza kutoa mapovu kama uji unaochemka, ingawa yalikuwa bado baridi. "Sasa hapo sibishani. Ni gasket, ile inazuia maji isiingie kwa oili."

Kisha akainama, akanusa. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa rejeta, kikatoka cha manjano.

"Kwani nani amekuwa akipika hapa? Hii ni binzari. Mtu huweka akiona maji inapotea na hajui inaenda wapi, ati izibe. Na hii imegandana, si ya jana. Hii gari ilianza kukunywa maji lini?"

"Tangu huyu aanze kuiendesha," Anko akajibu.

Tukamtazama Mama. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Mimi nilijua. Kila asubuhi, Mama akiwa anakama ng'ombe, mimi ndiye niliyemshikia baba jerikeni. Alimimina maji, kisha akaongeza binzari kidogo kutoka mkebe wa jikoni, akaweka kidole mdomoni. "Usimwambie mama yako, Maitu. Atashtuka bure." Kwa Kikuyu, maitu ni kusema mama. Nimerithi jina la mama yake baba, na kwetu jina kama hilo si mapambo, ni kama mwenyewe amerudi: yeye na Anko Githinji hawakuwahi kuniita vingine.

Niliogopa sana. Nilikuwa nimemwahidi, na sasa hakuwepo hata wa kunisamehe.

"Ni baba alikuwa anaweka," nikasema. "Tangu nikiwa darasa la pili."

Anko aligeuka na kidole juu. "Watoto wasi..." Kidole kikabaki hewani. Kisha akavua kofia.

"Sema tena, Maitu," akasema polepole.

Nikasema tena, nikilia. Anko akaweka mkono kwenye boneti ya pikapu, akaupapasa mwili wake wa buluu. "Ndugu yangu," akasema, basi. Halafu akamgeukia Mama. "Mama Wangui, nisamehe. Gari ni yako."

Fundi alifungua injini wiki hiyo hiyo, na Mama aliendesha ile pikapu mpaka nikamaliza sekondari. Lakini mimi niliishi miaka mingi nikijiona nimemsaliti baba. Tukienda kupalilia kaburi lake nilichagua upande wa miguuni, mbali na uso wake.

Mwaka jana, tukimenya viazi, nilimweleza Mama. Alicheka hadi akafuta macho kwa leso.

"Wangui, kwani umewahi kukula binzari kwa nyumba yangu?"

Nikafikiri. Githeri ya mahindi na maharagwe, mukimo wa viazi vya kupondwa, kabichi ya kitunguu na chumvi. Sikuwahi.

"Na ile mkebe, uliwahi kuona imeisha?"

Sikuwahi kuuona umekwisha.

"Nikiona imepungua, nilinunua ingine siku ya soko. Nilijua anaona haya, akafikiri akiniambia gari ni mbovu nitamwona yeye ndiye mbovu. Sasa ningemwaibisha mbele ya ndugu yake, na amelala kaburini?"

Kumbe pale gereji, nilipodhani ananyamaza kwa kutojua, yeye ndiye aliyejua kutushinda sote, na alikuwa tayari kuipoteza pikapu. Nilishindwa kuendelea kumenya. Nikamuuliza mbona basi hakunizuia kusema.

"Ningekuzuia aje?" akasema, akichukua kiazi kingine. "Wewe ndiye mama yake."