Baharia wa Foleni

Foleni ya duka la ushirika mtaani kwetu Ngamiani ilikuwa ndefu kiasi kwamba kichwa chake kiliswali Ijumaa msikiti mmoja na mkia wake msikiti mwingine. Asiyekuwapo miaka ile atasema natia chumvi. Chumvi yenyewe tuliipangia foleni, ningeimwaga hovyo kwa ubadhirifu gani?

Waliopanga mstari hawakuwa watu, walikuwa mawe. Ukiamka alfajiri unaweka jiwe lako, unakwenda kutafuta riziki, nalo linakushikia nafasi mpaka gari la sukari au la sabuni litokee, kama litatokea. Kila jiwe lilijulikana ni la nani. Langu lilikuwa nusu tofali. Nyuma yake kilikaa kipande cha tumbawe cha dada mmoja jirani yangu. Mumewe alikuwa baharia, alipanda meli iliyokuja kuchukua mkonge bandarini kwetu, na tangu hapo hakuna aliyemwona akishuka popote.

Uvumi wa gari ulipozagaa tulikuja wenyewe, tukakaa kando ya mawe yetu kusubiri. Na kusubiri kunachosha kuliko kulima. Mimi nilikuwa kibarua wa kiwanda kilichofungwa siku nyingi kuliko kilivyofunguliwa, na jioni nikisoma elimu ya watu wazima. Baadaye nilihitimu, cheti changu ukikitundika ukutani, nyumba inainama upande mmoja kwa uzito. Mwalimu wetu alikuwa na mtindo wa kutugawia watu wa kuwa. Wewe mwenye ng'ombe, wewe mwenye shamba lililoliwa, wewe katibu wa kijiji, haya amueni kesi. Nikauchukua mchezo ule nikaupeleka foleni. Nikawaambia wenzangu kwamba mawe yetu yamechoka kukaa bure, tuyape watu wa kuwa.

Mama mmoja mkaanga samaki, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili zake, akajitawaza papo hapo kuwa Sultani wa Tongoni, akawa anatoza kodi hata wafu wa magofuni. Mzee wa Kihindi mwenye duka la jirani, ambaye rafu zake zilikuwa zimebaki na viberiti na dawa ya viatu, akachukua kazi ya forodha. Alizuia mizigo ya kila mtu bila kuinuka kwenye kiti chake barazani. Mimi, waliyeniita Profesa kwa ajili ya masomo yangu ya jioni, nilikuwa mwenye mchezo. Mvua yangu, homa yangu, bahari yangu. Sheria ilikuwa moja tu: mtu hafi mchezoni mpaka mwenye jiwe aridhie.

Dada yule alipoulizwa jiwe lake ni nani, alisema, "Baharia," akainamisha kichwa.

Kisha Sultani akasema, "Basi asafiri salama. Lakini akipita Tongoni alipe, mimi sina baharia wa bure."

Baharia yule nilimpeleka kila mahali nilipopaona kwenye ramani ya darasani, na ramani ilipokwisha nikaumba nchi zangu mwenyewe. Alipigana na pweza mkubwa kuliko stesheni ya reli. Aliuza embe mahali ambapo theluji huwafika watu shingoni. Ila maneno yake hayakuwa yangu. Nikisema, "Baharia kaletewa chai," dada alinikatiza: "Haina tangawizi hiyo, hanywi." Nikisema kakasirika, akavunja meza, alitikisa kichwa. "Akikasirika hasemi neno. Anatoka nje, anachonga kijiti. Kijiti kikisha, hasira zimekwisha." Kwa njia hiyo nikamjua mtu ambaye sikuwahi kumpa mkono, nikamjua kuliko ninavyomjua ndugu yangu wa tumbo moja. Na nilivyozidi kumjua yeye ndivyo nilivyozidi kumpenda mkewe. Nilikuwa kapera, mwenye nusu tofali na cheti kilicho njiani. Sikumwambia. Mke wa mtu ni mke wa mtu, hata kama mtu mwenyewe hajulikani aliko.

Nyumbani kwao hali ilikuwa ngumu. Kaka zake walikuwa wakimsihi aende kwa sheikh akaombe kufunguliwa ndoa ile. Alikwenda mara moja. Sheikh alimuuliza jambo moja la kawaida, je, wewe unamhesabu mumeo yu hai au amekufa? Akashindwa kujibu. Akisema yu hai, atakaa vile mpaka nywele ziwe pamba. Akisema amekufa, na kwetu maneno huumba, itakuwa yeye mkewe ndiye aliyemwua kwa kinywa chake. Akarudi nyumbani, alfajiri akaweka tumbawe lake nyuma ya nusu tofali langu, na mchana akaniuliza, "Haya, leo kafika wapi?"

Kisha ikaja ruksa, serikali ikaruhusu bidhaa za nje. Mitumba ikamwagika, sabuni zikaja za rangi ambazo hata upinde wa mvua haujazisikia. Rafu za yule mzee zilijaa mpaka yeye mwenyewe akakosa pa kukaa, kiti akakisogeza nje kabisa. Mji mzima ulifurahi, nami nilifurahi. Nilioga mara tatu kwa siku kwa sababu tu sabuni ipo. Foleni ikafa. Mawe yakaokotwa yakawa mafiga. Siku ile ya mwisho, tusijue kuwa ndiyo ya mwisho, nilikuwa nimemlaza baharia hospitali katika bandari ya ugenini, ana homa, na gari lilipotokea tukatawanyika mbio na vikapu vyetu. Nikamwacha pale kitandani.

Siku nyingi zikapita. Adhuhuri moja nilikuwa barazani kwa yule mzee, na mkaanga samaki kaja kununua mafuta. Dada akatokea. Alimwamkia mzee shikamoo, akakaa ukingoni mwa baraza, kikapu kitupu magotini.

"Baharia wangu mmemwacha wapi?" akauliza.

Nikacheka. "Yuko hospitali, dada. Wauguzi wanamgombea."

"Nataka ummalize."

Mkaanga samaki akaweka chupa yake chini. "Ammalize vipi, mwanangu? Ampe nafuu arudi zake, tule pilau. Profesa, hebu mrudishe mtu kwao, kodi yangu nimemsamehe."

Dada alikuwa ananitazama mimi. Yule mzee akasema taratibu, "Binti yangu, wewe unataka nini? Apone au asipone?"

"Mimi sina kinywa cha kusema hilo, baba. Mwenye mchezo ni yeye."

"Sheria yenu mwenye jiwe ndiye huridhia."

"Nimeridhia," akasema dada. "Lolote atakalosema, nimeridhia."

Hapo nikaelewa alichojia. Kuna jambo ambalo kaka zake, sheikh wala yeye hawakuweza kulitamka, na amelileta kwa mtu pekee mjini ambaye maneno yake hayaaminiki. Nikaangalia mikono yangu. Nikisema anapona, dada ataondoka na kikapu chake na kungoja kwake, nami nitabaki na dhamiri safi. Nikisema anakufa, atakuwa huru. Na mimi nilikuwa nangoja awe huru. Basi nani angejua kama namhurumia yeye au najihurumia mwenyewe? Mimi mwenyewe sijui mpaka leo.

Nikasimulia. Sikuweka pweza, sikuweka theluji. Nilisema homa ilipanda asubuhi, mchana ikashuka, na ilipopanda tena haikushuka. Nilisema walikuwapo Waislamu katika mji ule, wakamwosha, wakamvika sanda, wakamswalia, wakamzika kwa ubavu wa kulia akielekea kibla.

"Nani aliyemfumba macho?" akauliza.

"Mwenzake wa melini. Mtu wa huku huku kwetu."

"Alikuwa na maumivu?"

"Mwanzoni. Baadaye alilala."

"Alisema neno?"

Nilitaka kusema alimtaja yeye. Ulimi ulikuwa tayari. Nikaona nikilisema hilo nitakuwa mwongo wa kweli. "Alitoa shahada," nikasema.

Mkaanga samaki alikuwa analia, analifuta chozi kwa ncha ya kanga na kujidai mafuta yamemrukia. Yule mzee alisema innaa lillahi kwa sauti ya mtu aliyeletewa taarifa ya msiba wa kweli. Dada alijifunika kichwa vizuri, akashukuru, akaenda. Wiki ile ile akarudi kwa sheikh, safari hii akajibu. Akaingia eda ya mjane.

Eda ilipokwisha nilimtuma mjomba wangu na barua ya posa. Nilikuwa nimehitimu, kiwanda kimenifuta kazi, nimefungua kibanda cha mitumba. Kwa macho yangu nilikuwa bwana harusi wa kupigiwa matarumbeta kuanzia Pongwe hadi bandarini. Mjomba akarudi kabla chai yangu haijapoa. Kaka zake wameridhia, dada hataki.

Nikaenda mwenyewe, mbele ya mama yake, kwa adabu zote. Alinikaribisha vizuri. Alinipa kikombe cha maji.

"Si kwamba una kasoro, kaka," akasema. "Umenitendea wema hakuna aliyeweza kunitendea. Lakini kila nikikusikia ukisema, nasikia unavyomwosha. Sasa nitalala vipi na sauti hiyo ndani ya nyumba?"

Mtu kama mimi akibanwa huchomoa mzaha. Nikamwambia kama kikwazo ni hicho ni jambo jepesi, mchezo ni wangu. Kesho asubuhi yule muuguzi anagundua walimzika mtu mwingine, baharia yuko wodi ya pili anadai chai yake.

Mama yake aliinamisha uso. Dada hakukasirika. Alinyoosha mkono akachukua kile kikombe, kikiwa bado na maji nusu.

"Usimguse," akasema. "Mwache, amelala."