Mguu wa Shemeji katika Kaunti ya Matajiri

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nasema mapema ili asitokee mtu akanitafuta nimtembeze Texas. Miaka yote niliyoishi kaskazini mwa Dallas, ninachokijua vizuri ni jikoni kwetu, barabara ya kwenda shule ya watoto, na jikoni mwa shule hiyo, ambako hupakua chakula cha mchana. Kofia ya wavu kichwani, glavu mikononi, kijiko kikubwa cha viazi vya kuponda. Mke wangu ni nesi. Watu kanisani wakiniuliza nafanya kazi gani, huwajibu kwamba nimeolewa na nesi. Wanacheka, na swali linaishia hapo.

Asubuhi moja binamu yetu aliye Nakuru alituma kwenye grupu ya familia orodha ya kaunti za Amerika zilizopangwa kwa mapato ya kila nyumba. Kaunti yetu ilikuwa juu kabisa, karibu na kilele. Chini yake akaandika pongezi, kana kwamba tulikuwa tumeshindana na watu tukawashinda. Kabla sijamaliza chai tulikuwa tumepongezwa na shangazi, na wajomba, na mtu mmoja ambaye hadi leo sijui ni wa upande gani. Mjomba mmoja akauliza kama gavana wetu ni mtu wa maana. Nikamwambia kaunti za huku hazina magavana. Akajibu kwamba basi ndiyo sababu pesa zipo.

Sitadanganya kwamba sikufurahi. Niliinuka nikachungulia dirishani. Ng'ambo ya ua wetu kuna reli ya treni za mizigo, na ng'ambo ya reli kuna mabohari ambamo watu huweka vitu vilivyokosa nafasi majumbani mwao. Nilisimama pale na kikombe changu nikawaza kwamba kumbe mimi ni tajiri na hakuna aliyeona haja ya kunijulisha.

Wengine waliisoma orodha ile, wakacheka, wakasahau. Aliyeichukua kwa uzito ni dada yangu wa Houston.

Dada ni mkubwa wangu, na ndiye aliyetangulia kuja huku. Alikuwa na nyumba yake ndogo ya matofali kusini-magharibi mwa Houston. Nyuma ya nyumba alipanda mboga za kwetu, sukuma wiki na managu, na majirani wote wa kwetu walijua njia ya kuingilia huko bila kupiga hodi. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa akiendesha forklift, kile kigari cha kuinulia mizigo, kwenye ghala moja. Ni mtu wa mizaha. Ukimsalimu anakujibu kwamba bado hajafa, rudi kesho. Siku moja alianguka bafuni akijiandaa kwenda kazini. Kiharusi, upande wote wa kulia. Kazi ikaisha, na bima ikaondoka pamoja na kazi.

Kilichomwokoa ni kaunti ya kule Houston, ambayo kwenye ile orodha huwezi kuiona bila kushuka kwa kidole muda mrefu. Kaunti hiyo ina hospitali yake, na mkaaji asiye na bima hupewa kadi ya kutibiwa humo. Shemeji akapata kadi. Foleni zilikuwa ndefu, na miadi ilikuwa ikisogezwa mbele, lakini walimfanyisha mazoezi, na mguu ukaanza kusikia. Kwanza kidole gumba, halafu goti. Dada alinitumia video shemeji amesimama ameshika fremu ya chuma, anatetemeka kama mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, na anacheka. Daktari aliwaambia kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenyewe. Kinachorudi hurudi sana katika miezi hiyo.

Kwa hiyo dada alipoiona orodha hakuona pesa. Aliona mguu wa mumewe. Hesabu aliyopiga ni ile ambayo Mkenya yeyote angepiga, maana sisi tunajua kaunti ni nini. Kaunti ikiwa na pesa, kuna basari za wanafunzi, kuna dawa kwenye zahanati, kuna ambulensi yenye mafuta. Ikiwa maskini, hakuna. Alinipigia simu jioni hiyo hiyo.

"Hebu niambie," akasema. "Ikiwa hii kaunti yetu ya watu wa kawaida inatupa hivi, hiyo yenu ya matajiri itatupa nini?"

Nilimwambia sisi si matajiri. Akasema anajua, watu wa maana hawajitangazi. Nikamwambia nyumba tumepanga. Akasema kupanga ni akili, unaepuka kodi ya ardhi. Nikamwambia mke wangu anafanya kazi hospitali mbili. Akasema si ndiyo hiyo, huko kazi zipo. Mwishowe nikatoa silaha yangu ya mwisho, nikamkumbusha kwamba mimi ni mpakua viazi. Akasema kwa upole kwamba katika kaunti kama hiyo hata mpakua viazi lazima anaangaliwa vizuri.

Kadiri nilivyoapa kwamba sina, ndivyo alivyozidi kuamini ninacho na ninakificha. Kuhusu hospitali ya kaunti hakuuliza kama ipo, nami sikuwa nimewahi kuwaza kama ipo. Tunatumia bima ya mke wangu. Ni kama kuulizwa kama mji wenu una wazima moto. Unadhani tu wapo.

Akauza nyumba. Ilinunuliwa upesi, na benki ilipochukua chake, na deni la ambulensi iliyombeba shemeji likachukua chake, kilichobaki kilitosha kukodi lori na kuanza maisha kwa unyenyekevu. Nilishuka Houston kuwasaidia, safari yangu ya kwanza kuvuka Dallas baada ya muda mrefu sana, na nikarudi nikiendesha gari lao, shemeji kando yangu, dada nyuma yetu kwenye lori.

Njia ya kuja kwetu inapita mbele ya majumba. Unaanza kuona mageti, na vijito vya maji vilivyochimbwa na watu, na nyasi ambazo nadhani huchanwa kwa kitana. Shemeji akaketi wima kadiri alivyoweza.

"Shemeji, yako ni ipi?"

"Bado."

Tukapita ziwa lenye chemchemi katikati. Akanitazama. Nikamwambia bado. Tukapita uwanja wa gofu. Tukafika kwenye reli, tukavuka, gari likaruka kidogo, na mabohari yakatokea upande wa kushoto.

"Ala," akasema. "Mbona tumewapita matajiri?"

Alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka. Dada alipofika na lori, akashuka, akatazama reli, akatazama mlango wetu, kisha akaanza kuteremsha masanduku.

Vyumba vya kulala viko juu. Kimoja chetu, kimoja cha watoto, na cha tatu anapanga kijana wa binamu yangu anayepeleka vifurushi. Kwa sababu ya ngazi, shemeji na dada walilala sebuleni. Tuligeuza kochi likatazama ukuta ili wapate stara. Watoto wangu, ambao ukiwasemesha Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, walianza kunyata wakienda kunywa maji, jambo ambalo sikuwa nimefaulu kuwafundisha.

Wiki iliyofuata tuliwapeleka kwenye ofisi ya kaunti, mimi na mke wangu, ambaye alikuwa ametoka zamu na hajalala. Jengo zuri, sakafu inang'aa, na hakuna foleni. Dada alinigusa mkono kunionyesha kwamba hakuna foleni. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

Mama aliyetuhudumia alikuwa mwungwana. Alisikiliza yote, akamwangalia shemeji kwa huruma ya kweli, kisha akatueleza kwamba kaunti hii haina hospitali yake. Watu wengi wa hapa wana bima, akasema, kwa hiyo haikuwahi kujengwa. Kuna mpango mdogo kwa wasio na kitu kabisa, lakini dada alikuwa ameshapata kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mshahara huo mmoja ulikuwa umeshawatoa kwenye kundi la wasio na kitu. Na ile kadi ya Houston ni ya wakaaji wa kule. Walipohama, haki ya kuitumia waliiacha kule.

Dada alimwuliza kwa Kiingereza chake kizuri cha hospitali, kisha akanigeukia akaniuliza mimi kwa Kiswahili, kana kwamba katika lugha yetu jibu lingekuwa tofauti.

"Kaunti tajiri itakosaje hospitali?"

Foleni haikuwepo kwa sababu hakukuwa na kitu cha kupangia foleni.

Usiku huo tulikula sote mezani. Dada akarudi kwenye simu yake, akaifungua ile orodha, akaiweka mezani akaniambia nimwonyeshe uongo uko wapi. Mke wangu ndiye aliyejibu, na sijawahi kumsikia akisema kwa uchovu vile.

"Hakuna uongo, wifi. Wamezipanga nyumba zote mstari mmoja, wakachukua ile ya katikati. Hawajauliza ndani mnalala wangapi, wala ni wangapi wanaoenda kazini. Hata mimi wamenihesabu humo, usiku wangu na mchana wangu. Wameandika nilicholeta. Hawajaandika kwamba silali."

Dada aliizima simu, akaondoa vyombo.

Jambo la kuchekesha, kama una moyo wa kuchekea, ni kwamba tangu walipohamia, nyumba yetu ilipanda daraja. Mke wangu analeta, kijana wa vifurushi analeta, dada analeta, nami naleta viazi vyangu. Mishahara minne chini ya paa moja. Angepita mtu wa kuhesabu, angetuweka pamoja na wale wa ng'ambo ya reli, na pale ndani tulikuwa tunapangiana zamu ya bafu. Nilimwambia shemeji kwamba yeye ndiye aliyetuinua. Akasema basi nimwongezee nyama.

Lakini nafuu ya mguu ilikuwa imesimama. Kliniki ya binafsi tulilipia mara chache, kisha tukaacha, kila mmoja akijifanya ni mwingine aliyeamua. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa nyumbani, nikawa daktari. Nilitazama video kwenye simu, nikajifunza kushika kisigino hivi na goti hivi. Kila nikirudi kutoka shuleni tulipiga mazoezi kwenye zulia, mimi nikihema kuliko mgonjwa. Kidole gumba kilichokuwa kikiitika Houston kikaacha kuitika. Goti likaanza kukaza. Shemeji aliendelea na mizaha, ila niliona ameacha kunitazama usoni ninapomshika mguu. Alitazama dari.

Mtu wa kanisani aliyewahi kuishi Vickery Meadow, mtaa mmoja wa Dallas, ndiye aliyetuambia kwamba kaunti ya Dallas ina hospitali kama ile ya Houston, kwa hiyo wavuke tu mpaka. Ni mwendo mfupi kwa gari. Dada akatafuta nyumba huko Vickery Meadow, kwenye yale majengo marefu ambamo unasikia Kiswahili cha Kongo ngazini na harufu ya mafuta ya mawese kila mlango. Za chini zilikuwa zimejaa. Akapata ya ghorofa ya pili. Mimi na kijana wa vifurushi tulimpandisha shemeji juu ya kiti cha plastiki, tukipumzika kila kona, naye akitukumbusha tusimwangushe kwa kuwa yeye ni mtu aliyewahi kuishi na matajiri.

Halafu wakangoja. Lazima uonyeshe kwamba unaishi pale, na ili uonyeshe lazima uwe umeishi. Kadi ikaja. Miadi ikapatikana, ikasogezwa, ikapatikana tena.

Nilikwenda nao siku ya miadi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa kijana mwenye subira. Alimkunja, akamnyoosha, akamwomba asukume, akamwomba avute. Akaandika. Kisha akavuta kiti karibu na kueleza kwamba watamfundisha kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu bila kuumia, na watamtafutia kifaa cha kuzuia mguu usizidi kujikunja. Dada akauliza ni lini ataanza kutembea. Yule kijana akasema kwamba kwa sasa hilo silo lengo.

Dada akamwonyesha ile video ya Houston, shemeji na fremu yake. Kijana aliitazama hadi mwisho. Akarudisha simu kwa mikono miwili.

"Na kama tungekuja mapema?" dada akauliza.

Alisema hakuna anayeweza kujua. Nadhani alikuwa anajua. Nadhani alisema hivyo kwa wema, na dada akakubali kwa wema pia, akaiweka simu mkobani na kumfunga mumewe vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, ingawa mkono wake wa kushoto ungeweza.

Huwa nakwenda Vickery Meadow kila Jumapili, jambo kubwa kwa mtu kama mimi. Shemeji hushuka zile ngazi siku za kliniki tu, na kliniki zenyewe zimepunguzwa. Dada akiwa amelala baada ya zamu, namlaza mumewe kwenye zulia, nashika kisigino, nashika goti.

"Wewe unasumbuka bure, shemeji," aliniambia juzi. "Weka chini hiyo kitu tunywe chai."

Nilimaliza upande ule, nikauweka mguu chini, nikaenda kuchemsha maji.