Maziwa Yaliyonuka Dizeli

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kufungulia maji ya mvua. Ukimwambia mtu hivyo, anacheka.

Ghala la mafuta nilipoajiriwa liko nje ya mji wa Kericho, juu ya mashamba ya majani chai. Matangi yake yamezungukwa na ukuta mfupi, ili tangi likivuja mafuta yasitoroke. Lakini ukuta huo unazuia mvua pia, na huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kwa hivyo chini yake kuna bomba, na valvu yenye kufuli. Ufunguo nilikaa nao mimi. Niliagizwa niangalie maji kwanza: yakiwa safi, niyafungulie yaende mtaroni, yakiwa na utando wa mafuta, niyapitishe kwenye chemba ya kutenganisha mafuta na maji.

Alipokuja msimamizi mpya, chemba ilikuwa imejaa matope. Nilimwambia. Akasema ataita lori la kuinyonya. Lori halikuja, mvua ilikuja. Siku moja maji yalipanda hadi karibu na pampu, akanipigia simu kutoka ofisini, nami nikimwona dirishani.

"Fungua yaende mtaroni."

"Iko na mafuta, bosi."

"Hiyo ni kidogo. Mvua itaosha. Fungua."

Nilifungua. Wiki iliyofuata nilifungua tena, na safari hiyo sikungoja simu.

Mtaro huo unashuka hadi kijito alikonyweshea ng'ombe jirani yangu, mjane mzee tuliyemwita sote Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Mimi nilitoka ng'ambo ya mpaka wa Chepilat, upande wa Kisii, sina ndugu hapa. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenipikia uji, akanibebea mtoto nikalala. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila asubuhi alipeleka mkebe wake kwenye njia panda, mahali lori la maziwa husimama.

Asubuhi moja karani wa lori alifungua mkebe huo, akanusa, akarudisha uso nyuma.

"Kogo, hii maziwa inanuka mafuta taa. Unaosha mkebe na nini?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nimemsindikiza. Harufu ile haikuwa ya mafuta taa, ilikuwa dizeli, na niliijua kwa sababu ilikaa kwenye nguo zangu kila jioni. Nikamsaidia kufunga mkebe.

Kogo aliusugua mkebe kwa majivu, akaumwagia maji moto, akauanika juani. Kesho yake ukarudishwa tena. Kanisani wanawake wakaanza kusema amezeeka, hajui tena kutofautisha taa na mkebe. Aliwasikia. Alianza kukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Wakaguzi wa mazingira walikuja wiki isiyokuwa na mvua. Mtaro ulikuwa mkavu. Mmoja wao, mama mpole, aliniuliza kama nina la kuongeza. Msimamizi alikuwa amesimama kando yangu, akitabasamu.

"Hapana, madam," nikasema.

Kogo akamuuza ng'ombe. Aliyemnunua alimpeleka mbali, karibu na Longisa, na baadaye tukasikia maziwa yake hayana shida yoyote. Hapo ndipo nilipoenda kwake nikamweleza yote, kuanzia valvu mpaka mama yule mkaguzi. Alikuwa akichambua mboga. Hakuacha kuchambua.

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo, Kogo."

"Na jioni ulikuwa unakuja hapa kunywa chai?"

"Ndiyo."

"Ya strungi, bila maziwa. Ulikuwa unaniambia maziwa inakuumiza tumbo."

Akaniambia niende nyumbani, mtoto asilie.

Yeye ndiye aliyemwendea chifu, kwa miguu, peke yake. Chemba ikanyonywa, mtaro ukajengewa simiti, na kampuni ikaweka bomba la maji safi barabarani. Siku ya kulifungua msimamizi alihutubia kuhusu ujirani mwema, na watu wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga. Kogo hakuja. Kazi ninayo bado, nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa michongoma tu, na mwanangu ameacha kuniuliza kwa nini hatuendi kule.