Upande wa Nne wa Mnara

Mnara wa kikosi ulikuwa na pande nne. Tatu zilijaa majina ya askari waliofia vitani; wa nne ulikuwa mtupu. Mwanamke aliyeuosha, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni, alikuwa ameyasugua majina yale miaka kumi na tisa, na la kaka yake halikuwemo. Kaka alikuwa mpishi wa kikosi. Bomu lilimkuta kabeba sufuria ya maharage, akiwapelekea walio mstari wa mbele.

Kamati ya mnara ilimjibu mara tatu kwamba mpishi aliajiriwa kwa mkataba, hakuwa askari.

“Kumbe bomu lilisoma mkataba kwanza,” alisema, akaifunika ndoo yake kwa barua ya tatu.

Tangu hapo, kila asubuhi akimaliza kazi, alichovya brashi majini na kuliandika jina la kaka yake kwenye upande mtupu. Jua likipanda, jina linakauka. Waliompita walisema bibi huyu akili zimemruka. Msimamizi wake alinyamaza, maana maji hayaachi ushahidi.

Mwaka huu msimamizi alimwonya mapema: siku ya maadhimisho, wageni wakija, asithubutu. Mama Sabuni aliitikia tu. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu, na baada yake nani angeshika brashi?

Alijua jiwe lile kuliko waliolichonga. Vijana waliokula chipsi ngazini aliwafukuza kwa maneno yale yale: tone la mafuta likiingia humu halitoki, hata usugue mpaka mifupa ichomoze. Basi asubuhi ya maadhimisho alikuja na chupa ya mafuta ya kupikia. Akaandika kwa herufi kubwa, zimepinda kidogo, akarudia mara tatu, akayaacha yanywewe na jiwe.

Wageni walipofika, jina lilikuwa limekolea kama chai ya rangi.

Msimamizi alimvuta kando. “Mama, futa hilo sasa hivi.”

“Mwanangu, miaka yote nawaambia. Mafuta hayafutiki.”

“Nitakufukuza kazi.”

“Nifukuze. Zimebaki siku kumi na mbili.”

Afande mmoja mstaafu, aliyeshika shada la maua, alisikia mabishano akazunguka nyuma. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

“Maharage yake yalikuwa na mawe,” akasema.

“Na sahani ulirudisha na nini?” aliuliza Mama Sabuni.

“Tupu,” alisema afande. “Kila siku.” Akavua kofia, akabaki upande ule mpaka hotuba zote zikaisha, na mwenyekiti wa kamati akalazimika kumtuma mtu aje achukue shada.

Baadaye kamati ilileta mafundi wawili na madawa yao. Walisugua siku mbili. Jiwe lililozizunguka herufi lilitakata, na jina likazidi kuonekana.

Mama Sabuni hupita pale bado, asubuhi, mikono mitupu. Ukimuuliza anafuata nini, atakwambia anakagua kazi.