Uboho wa Njano

Mwaka mama alipovunjika mguu nilikuwa nauza mitumba Kinondoni, na sikuwahi kukutana na bei isiyoshuka. Aliteleza uani kwenye maji ya sabuni, mfupa ukakatika chini ya goti. Hospitali wakamfunga plasta: wiki nane. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikarudia. Nane kweli.

Kwetu aliyevunjika hunyweshwa supu ya mifupa, mfupa ukaunge mfupa. Basi kila asubuhi, kabla sijafungua belo la nguo, niko buchani nabishana.

"Huo wa ndama sitaki, uboho wake mwekundu. Nipe wa ng'ombe mzee, wenye njano. Upasue kwanza nione."

"Braza, unanunua mfupa au unaposa?"

Nilikuwa naondoka na vipande vinne, nimevihesabu nikavigeuza nikavihesabu tena. Mama alivigonga kwenye sahani, akafyonza ile njano, akasema, "Mwanangu, huu ndio wenyewe."

Wiki ya nane wakakata plasta. Daktari akaushika mguu, nao ukacheza pale pasipo na kiungo. Mama akatazama dari. Mie nikamweleza daktari habari ya supu yote, kama mtu anayedai bidhaa mbovu irudishwe.

"Hiyo njano ni mafuta," akasema. "Ndani ya uboho kuna seli changa, hazijachagua kazi. Nyingine zinageuka mfupa, nyingine mafuta. Mtu akizeeka, nyingi zinakwenda kwenye mafuta. Mifupa ya mama yako imefika huko."

"Basi kesho naleta wa ndama."

"Supu inaishia tumboni, ndugu yangu. Haiendi kuziambia seli cha kufanya."

"Sasa naongea na nani?"

"Hakuna wa kuongea naye. Tunafunga tena, tunasubiri."

"Wiki ngapi?"

"Nane. Halafu tuone."

"Saba," nikasema. Ilinitoka tu. Mama mwenyewe alicheka. Daktari akaandika nane.

Nesi alipokuwa analowesha plasta mpya, mama akanivuta mkono. Akauliza polepole, wagonjwa wa vitanda vya jirani wasisikie, kama atasimama tena aende chooni kwa miguu yake, maana kubebwa na mtoto aliyemzaa kulikuwa kunammaliza kwa aibu.

Nimewahi kumuuzia mtu koti la sufu Dar mwezi wa Januari. Lakini mama si mteja. Nesi akasema anataka mtu wa kuushika mguu usicheze. Nikaushika.