Rift ya Mzee wa Kimilili

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja ya Kitale, mtoto mgongoni, nikingoja kompyuta. Mbele yangu alikaa mzee wa Kimilili. Lifti ya trakta yake, ile mikono ya haidroliki inayoinua jembe, ilikuwa imekataa kupanda, na mvua ilishaanza. Mafundi wawili walikuwa wameshindwa, kwa hivyo jana yake alimwomba msichana wa saiba awaulize wataalamu wa mtandaoni.

"Wamejibu, mzee," msichana alisema. "Wanasema rift haiwezi kupanda. Inazidi kushuka."

"Huyo ni fundi," mzee akasema, akivua kofia.

"Ati ilianza kushuka miaka milioni nyingi iliyopita."

Mzee alifikiri. "Ni ya zamani, lakini si hivyo. Nilinunua kwa mzungu akihama."

Nilichungulia. Msichana alikuwa ameandika neno kama alivyolisikia, rift, yaani ufa kwa Kiingereza, na mtaalamu wa miamba akajibu kwa adabu kuhusu Bonde la Ufa. Mimi ni mtu wa haya, lakini herufi ikikosewa situlii.

"Ni l," nikanong'ona.

"Si ndio nimesema, mama?" mzee akauliza. "Rift."

Msichana akasahihisha, na ukurasa wa wenye matrakta ukafunguka: kabla ya kugusa pampu, safisha chujio la oili.

"Hilo mafundi hawakugusa," mzee akasema, akisimama.

Huku kwetu, sisi kwa sisi, l na r hazijawahi kutukosanisha. Ni mtandao tu unaotaka imla.

Mlangoni mzee aligeuka. "Yule wa kwanza pia mwambie asante. Huyo angalau alijua ni ya zamani."