Pikapu ya Mzee Hollis

Sajenti Delmar Pruitt alikuwa amehamishwa kambi mara sita, na kila uhamisho ulikuja na bunda lake la makaratasi. Mkewe, Janelle, alizoea kusaini bila kusoma, akili yake yote ikiwa kwenye masanduku ya vyombo. Ndiyo maana ile fomu ilipita kirahisi.

Walikuwa wakihama kwao Oklahoma kwenda Virginia. Wenzake kikosini walimjaza maneno kwamba gari likiwa kwa jina la askari peke yake, linabaki na namba za kwao na kodi ya huko ugenini halilipi. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijani aliyoachiwa Janelle na marehemu baba yake, mzee Hollis. Delmar akaichomeka fomu ya kuhamisha umiliki katikati ya bunda. Alijiambia angemweleza kesho yake. Kesho hiyo ikawa miezi kumi na minne, na mwanamume mzima mwenye nishani mbili kifuani akawa anatazama pembeni kila mkewe alipotoka kuiosha pikapu.

Kilichommaliza ni kusikia kwa mwanasheria wa kambi kwamba mke wa askari naye alikuwa na haki hiyohiyo. Jina la Janelle lingeweza kubaki palepale lilipokuwa. Alikuwa amemwibia mkewe bure bilashi.

Akaamua kulirudisha jina, ila kuungama kukamshinda. Alimwambia tu waende ofisi ya sheria wakasaini karatasi za gari. Moyoni aliomba asaini kama zamani, na aibu ya ombi hilo ikamla njia nzima.

Koplo Ybarra, binti wa mapokezi, akawasogezea fomu. "Naona ni zawadi, sajenti. Wewe unayetoa, saini hapa. Mama, unayepokea, hapa chini."

Janelle alishika kalamu, kisha akaiweka mezani. Akasoma mstari mmoja mmoja mpaka akafika kwenye jina la mwenye gari.

"Kumbe muda wote huu unanipa lifti kwenye gari la baba yangu," alisema, wala hakupandisha sauti.

Delmar akasema amekosa, akaanza kueleza habari za kodi. Janelle akamnyamazisha kwa kiganja. Alimwomba koplo nakala ya kila karatasi yenye sahihi yake iliyokuwamo kwenye jalada lao, akavuta kiti, akaanza kusoma ya kwanza.